Mama mkwe kwenye ngazi

Jumamosi nilikuwa saluni hapa Durban, nimekaa tu, maana mwenye digrii bila kazi hukaa saluni hata bila kunyolewa. Kwenye kiti yuko Mkongo mwenzangu, amerudi juzi kutoka Manila, Ufilipino, alikoenda kusalimia familia ya mke wake.

"Kule nyumba ni chumba kimoja, meza moja," alimwambia kinyozi. "Na kwetu mimi siwezi kula mbele ya mama mkwe. Ni heshima! Nikabeba sahani, nikala nje kwenye ngazi."

"Eish! Na yeye?"

"Alilia, mon frère. Akaambia binti yake: huyu anatuona wachafu."

Mashine ikazimwa.

"Mke wangu akamweleza. Kesho yake niko kwenye ngazi, namuona mama na sahani yake. Akakaa ngazi ya chini, akanipa mgongo. Tukala vile. Voilà."

Akajigeuza kwenye kiti kutuonyesha ule mgongo, nusu ya kichwa bado na nywele.

Mimi kwenye madirisha ya ofisi za hapa, nikitafuta kazi, nimejieleza kwa Kifaransa, Kiingereza na Kizulu cha kuungaunga, na bado naambiwa "next!" Yule mama alielezwa mara moja tu, akabeba sahani yake.