Somoe Aliyenyonyesha Barazani

Somoe alikulia Ziwani, katika nyumba iliyozungushiwa ua wa makuti. Ndani ya ua ule wanawake walitwanga, walisukana na kunyonyesha, na hakuna aliyewaza kwamba titi la mama ni kitu cha kufichwa. Aliolewa na Selemani, kuli wa bandari ya Mtwara, akazaa mtoto wa kike, akamzika kabla hajaota jino. Mimba ya pili alikuwa nayo mwaka wa sabini na tatu, mwaka ambao watu wa upande wao waliambiwa wahame, wakakae pamoja kijijini.

Kijiji kipya kilipimwa kwa kamba kando ya barabara. Nyumba zilikaa safu mbili, mlango ukitazama mlango, na katikati watu wakipita tangu alfajiri. Makuti yaliyopatikana yalitosha paa tu. Ua, waliambiwa, utafuata. Haukufuata.

Mtoto alizaliwa wiki tatu baada ya kuhama, kwenye chumba ambacho ukuta wake mmoja ulikuwa bado fito tupu. Walimwita Hamisi. Alizaliwa mdogo, na hakunenepa. Muhogo wao ulikuwa umebaki kwenye mashamba ya zamani, mwendo wa nusu siku, na miezi ile wengi walikula ming'oko, mizizi ya kuchimba porini, na uji mwepesi wa mtama. Somoe mwenyewe alikonda mpaka bangili zikamtoka mkononi alipokuwa akifua.

Mama mkwe wake, Bi Sharifa, alikaa nao. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezaa saba na kuzika wanne, na hofu ilikuwa imemkaa mwilini kama baridi yabisi. Alijua watu wangesema nini wakimwona mtoto mwembamba vile kwenye titi. Wangesema amebemendwa, yaani mama yake amerudi kwa mumewe kabla ya kumwachisha, na maziwa yakaharibika. Selemani alikuja kila Ijumaa ya pili kutoka bandarini, akalala, akaondoka. Nani angehitaji ushahidi zaidi ya huo? Siku ya arobaini Bi Sharifa alimfunika mjukuu wake kwa kanga mbili, akamwambia Somoe maneno ambayo hayakumtoka tena.

"Mtoto huyu usimpe titi mbele za watu, mwanangu. Mnyonyeshe ndani, mlango umefungwa. Wakiona hii mikono yake, watakuchinja kwa midomo."

Somoe aliitikia. Nyumbani iliwezekana, ingawa chumba kile mchana kilikuwa tanuri, na mtoto alinyonya huku akitokwa jasho, akachoka mapema, akaacha. Tabu ilikuwa shambani. Siku tatu kwa wiki wote walikwenda kulima shamba la kijiji, na wanawake wenye watoto walilima wakiwa na mbeleko mgongoni. Mtoto akilia, mama aliketi penye tuta, akanyonyesha, akaendelea. Somoe hakuweza kuketi pale. Alikwenda mbali, mpaka kwenye mikorosho mikuukuu iliyofunikwa na pori, akanyonyesha akiwa amesimama kwa kuogopa nyoka, jicho moja kwa mtoto na jingine njiani. Siku moja msimamizi wa shamba aliuliza kwa sauti mama Hamisi huenda wapi kila saa, na wanaume wawili watatu wakacheka. Kuanzia siku ile hakwenda tena.

Alianza kungoja. Hamisi alilia mgongoni asubuhi nzima, akalia mpaka akalala kwa uchovu. Mwanzoni maziwa yalimjaa Somoe, yakauma, yakalowesha kanga, naye akaifunga nyingine juu yake ili doa lisionekane. Baadaye hayakulowesha tena. Mtoto alipotimiza miezi minne, titi lilikuwa jepesi hata asubuhi, na Somoe hakumwambia mtu.

Nyumba ya ng'ambo ya barabara ilikuwa ya Zulmira. Alivuka Ruvuma akimkimbia Mreno, akafikia Mahurunga kwa ndugu, kisha akapangiwa hapo kijijini na mwanawe mchanga, Adelino. Mumewe, Sebastiao, alibaki upande wa pili na wapiganaji. Zulmira alikuwa na chale za Kimakonde mashavuni na Kiswahili cha kukatakata. Alinyonyesha barazani kwake akimenya muhogo, alinyonyesha akisalimiana na wapita njia, na wapita njia walimjibu wakaenda zao. Bi Sharifa alisema watu wa ng'ambo ya mto hawana haya. Mara moja Zulmira alimwita Somoe akae naye kidogo. Somoe alijibu kwamba ana kazi, akaingia ndani, akafunga mlango, na kupitia ufa wa ukuta akamtazama Adelino akinyonya. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia.

Kisha Selemani alikuja na chupa. Ilikuwa chupa ya kioo yenye chuchu ya mpira, pamoja na kopo la maziwa ya unga. Karani mmoja wa bandarini, ambaye mkewe alitumia maziwa ya namna hiyo, ndiye aliyemwelekeza, na Selemani aliishika ile chupa kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Alikuwa amemwona mwanawe anavyokonda. Hii ndiyo dawa aliyoipata. Bi Sharifa alifurahi. Somoe alifurahi kuliko wote. Kesho yake aliketi penye tuta katikati ya wanawake wenzake, akampa Hamisi chupa, na hakuna aliyetazama mikono ya mtoto. Wote walitazama chupa. Wengine waliomba kuishika.

Kopo lilikuwa la wiki moja. Somoe alilipeleka mpaka wiki ya tatu, kijiko kikipungua na maji yakizidi, na maji yenyewe yalikuwa ya kisima ambacho ng'ombe wa kijiji walinywea pembeni. Chupa aliisugua kwa mchanga. Hakuna aliyekuwa amemwambia zaidi ya hapo, na yale machache yaliyoandikwa kwenye kopo hakuweza kuyasoma.

Wiki ya tatu Hamisi alianza kuhara. Siku ya kwanza walisema ni meno. Siku ya pili utosi ulikuwa umebonyea na macho yamezama. Somoe alimfunga mgongoni, akatembea maili saba hadi zahanati. Mganga aliyemkuta alimpa dawa ya maji, akamwambia aiache chupa, achemshe maji, amrudishe mtoto kwenye titi. Somoe aliitikia kwa kichwa. Njiani alikaa chini, akajikamua. Hakikutoka kitu.

Alifika kijijini alasiri. Bi Sharifa alikuwa amesimama mlangoni akimngoja, lakini Somoe hakwenda mlangoni kwake. Alivuka barabara, akasimama mbele ya baraza la Zulmira. Akafungua mbeleko tu, akamwonyesha mtoto.

Zulmira alimtazama Hamisi, akamweka Adelino chini juu ya mkeka.

"Tangu lini hanyonyi?"

"Maziwa yamenikauka, dada. Nilikuwa namficha."

"Lete."

Akamchukua palepale barazani, watu wakipita, akampa titi. Hamisi hakuwa na nguvu ya kuvuta. Zulmira alimkamulia mdomoni, tone kwa tone, mpaka koo likaanza kwenda. Ng'ambo ya barabara Bi Sharifa aliona yote. Alijifunika mtandio usoni, akaingia ndani.

Jioni ile Somoe alitaka kumrudisha mtoto nyumbani. Zulmira alimwambia wazi kwamba akimfungia tena chumbani atampoteza. Kuanzia siku ya pili aliwaketisha wote wawili barazani pake. Alimfundisha kufunga kanga shingoni ili upande mmoja uanguke mbele, mtoto aingie chini yake, na mama asiwe na haja ya kufunua kifua kizima. Alimfundisha kuegemea ukuta, kwa sababu mtu asiyejua nani yuko nyuma yake hukakamaa mgongo, na mgongo ukikakamaa maziwa hayashuki. Alimwambia asingoje kilio, maana kilio ndicho kinachoita macho ya watu. Mtoto akianza kutafuta kwa mdomo, apewe. Zaidi ya yote alimwambia akae karibu na mwenzake. Mwanamke mmoja akinyonyesha watu humtazama, alisema, wakiwa wawili watu hupita.

Watu walipita kweli. Mwanamke mmoja tu alisimama, akatazama mikono ya Hamisi, akanong'ona lile neno ambalo Bi Sharifa aliliogopa. Somoe alilisikia. Alishangaa kwamba halikumuua.

Hamisi alinyonya kwa Zulmira, kisha akawekwa kwa mama yake avute titi lile kavu, kisha kwa Zulmira tena, mchana na usiku. Siku ya tano Somoe alihisi maumivu yaleyale ya zamani yakipita kifuani kama wembe, na alipotazama, kanga ilikuwa na doa. Alilia, na Zulmira alicheka. Maziwa yalikuwa yamerudi. Lakini kuhara hakukukatika, na siku ya saba, kabla ya swala ya Ijumaa, Hamisi alifia mapajani mwa mama yake, mdomo ukiwa bado umeshika titi.

Walimzika siku hiyohiyo. Selemani alifika jioni kutoka bandarini, amebeba kopo la pili. Aliliweka kopo chini, akaketi karibu nalo mpaka giza likaingia, na alipoondoka Jumapili hakulichukua.

Maziwa hayakujua kwamba kuna msiba. Adelino alipolia ng'ambo, Somoe alilowa. Alijifunga kitambaa kifuani mpaka akashindwa kupumua vizuri, na bado alilowa. Bi Sharifa alimwekea majani ya kukausha maziwa, akayatwanga mwenyewe. Alitaka kusema kitu. Siku tatu alitaka kukisema, akashindwa.

Siku ya nne baraza la Zulmira lilikuwa tupu. Homa ilikuwa imempiga tangu usiku, hakujitambua, na Adelino alilia mpaka sauti ikakauka. Majirani walikuja, wakampa maji ya kijiko, akatema. Somoe alisimama uani kwake ambako hakukuwa na ua, akasikiliza. Kisha alivuka. Alimchukua mtoto kitandani kwa mama yake, akatoka naye nje, akaketi barazani, mgongo ukutani, akamnyonyesha.

Ilikuwa saa ambayo watu hurudi shambani. Walipita wote. Hakuwa amevaa kanga ya shingoni, na hakujifunika. Alimtazama mtoto mnene wa mwenzake, na machozi yakamdondokea mtoto kichwani. Msimamizi wa shamba alifika mbele ya baraza, akavua kofia, akapita.

Siku sita Zulmira alilala, na siku sita Somoe alifanya hivyo. Siku ya pili Bi Sharifa alivuka barabara kwa mara ya kwanza, amebeba kibao cha mbuzi. Akaketi pembeni, akaanza kukuna nazi ya uji wa mgonjwa.

"Umeshamnyonyesha mara tano?" aliuliza bila kuinua uso.

"Zaidi, mama."

"Basi kwa sheria ya dini ni mwanao huyo. Na mimi ni bibi yake." Alikuna kidogo, kisha akasema lile lililomkwama. "Mimi ndiye niliyekwambia ufunge mlango."

Somoe alimhamishia Adelino kwenye titi la pili.

Zulmira alipona. Mwaka mmoja na nusu waliishi mkabala, Adelino akila nyumba hii na kulala ile, akiwaita wote wawili mama. Mwezi wa sita mwaka wa sabini na tano nchi ya ng'ambo ya Ruvuma ilipata uhuru, na Sebastiao, ambaye wengi walidhani amekufa, alituma mtu. Zulmira alifunga mzigo mmoja. Somoe aliwasindikiza hadi Mahurunga, akambeba Adelino sehemu kubwa ya njia ingawa alikuwa mzito na aliweza kutembea. Pale mtoni mtoto alilia alipoingizwa mtumbwini. Barua mbili za Zulmira zilikuja, zimeandikwa kwa mkono wa mtu mwingine. Halafu hazikuja tena, na miaka iliyofuata habari za ng'ambo zilikuwa za vita vingine.

Somoe alizaa tena, mtoto wa kike, Mwanahawa. Alimnyonyesha shambani penye tuta, alimnyonyesha mkutanoni katibu wa kijiji akihutubia, na kwenye baraza la ofisi ambako kila mwezi watoto walipimwa uzito. Mwanahawa aliishi. Watu waliomjua Somoe wakati huo wanasema hakuwa mtu wa kucheka. Hakuwahubiria wengine. Alichofanya ni kwamba akimwona msichana mwenye mtoto wa kwanza akizunguka nyuma ya nyumba, au amegeuka ukutani na jasho linamtoka, alikwenda akaketi karibu naye, hata baada ya Mwanahawa kuacha kunyonya na yeye kutokuwa na mtoto wa kunyonyesha.

Si wote waliomkubali. Mwaka wa themanini, siku ya kliniki, alimwona Rozalia, binti wa jirani, na chupa ameificha ndani ya kanga. Aliketi ubavuni mwake, akasogea ili mgongo wake uwakinge na wanaume waliosimama penye mzani. Rozalia alimwambia kwa adabu kwamba mumewe hapendi anyonyeshe mbele za watu. Somoe alisema kwamba ameelewa. Kisha, kwa sauti ya chini, kwa mara ya kwanza tangu miaka ile, akamsimulia mtu asiye wa nyumba yake habari za Hamisi, tangu ukuta wa fito mpaka kopo la pili.

Rozalia alisikiliza akitazama chini. Jina lake lilipoitwa alisimama, akaenda kupima mtoto, chupa akaenda nayo. Somoe alibaki amekaa palepale, nafasi ya pembeni yake ameiacha wazi, asijue kama binti yule atarudi kuketi au atapitia mlango wa nyuma.