Sweta ya Joash Haikufuliwa

Saa mbili asubuhi, ukungu wa Mutuini bado umelalia mabanda ya ng'ombe na mapaa ya nyumba mpya za kupangisha. Ndani ya chumba cha mabati, Kasiva Mutinda anafungua gunia la kwanza. Anatoa shuka kuukuu, anaifunua polepole, na sweta tatu za sufu zinaonekana zimelala kifudifudi, mikono imekunjwa mgongoni kama watoto waliochoka kucheza.

"Amkeni," anaziambia. "Baridi imefika."

Ni wiki ya mwisho ya Mei. Tangu Septemba, nguo 280 za watu wa mitaa ya Karen, Parklands na hapa Mutuini zimekuwa usingizini katika chumba hiki: sweta, makoti, blanketi za watoto. Kasiva, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, huzipokea baridi inapoisha, huzifua, huzikausha na kuzitunza hadi msimu urudi. Kila nguo ni shilingi mia mbili.

Kazi hii alifunzwa na kosa. Alipokuwa akifanya kazi za nyumbani Karen, alikunja makoti ya familia yakiwa na unyevu kidogo, akayafunga ndani ya mifuko ya plastiki. Yalipofunguliwa, yalikuwa na kuvu, na nondo walikuwa wametoboa sufu kila mahali.

"Yule mama hakunigombeza," anakumbuka. "Alishika koti la babake, akakaa chini pale kwa ngazi. Afadhali angenipigia kelele."

Tangu siku hiyo ana sheria moja: hakuna nguo inayoingia chafu.

"Nondo hapendi sufu peke yake. Anapenda jasho, anapenda uji uliomwagika. Nguo moja chafu inamwita, na akishafika anakula zote."

Agosti iliyopita, sheria hiyo ilijaribiwa. Peres Oloo, muuguzi wa Parklands na mama wa Jacklyne, alikuja na sweta ya kijani ya mumewe, Joash, aliyefariki mwezi mmoja kabla. Aliibeba kifuani kama mtoto mchanga.

"Usiifue," alisema.

"Mama Jacklyne, hapa zote hufuliwa."

"Kule nyumbani kila mtu anainusa. Mimi, watoto, hata shemeji. Harufu yake inaisha. Nimekuja kwako kwa sababu wewe unajua kuweka vitu."

Bramwel, fundi wa nguo aliye chumba cha pili, alisikia yote kupitia mabati.

"Kasiva!" aliita. "Hiyo moja italeta shida kwa zingine zote! Watu wa Karen utawaambia nini?"

"Shona suruali zako, Bramwel!"

Lakini alijua fundi hajakosea. Nondo mmoja angetosha kuharibu nguo za watu wote, na jina lake pia.

Hata hivyo, alichukua ndoo nyeupe yenye kifuniko cha kubana, akaisugua, akaianika siku tatu hadi ikakosa harufu yoyote. Aliizungushia sweta shuka safi ya pamba, akaifungia ndani ya ndoo. Hakutia karafuu wala majani ya mwarobaini anayotia kwenye magunia. Kisha akaivusha ndoo ua, mbali na nguo za wengine, akaiweka chumbani mwake, kando ya kitanda.

Hapo ndipo wasiwasi ulipoanza.

"Nikifungua, Joash anatoka," anasema. "Nisipofungua, sijui kama nondo ameingia."

Aliamua kufungua mara moja kwa mwezi. Alifunga dirisha, akaziba chini ya mlango kwa kanga, akamulika mishono kwa tochi huku amebana pumzi.

"Harufu ile haikuwa yangu. Niliogopa nitaimaliza."

Mwezi Machi aliona kitu cheupe kwenye kola, kidogo kama punje ya chumvi. Alikigusa kwa ncha ya kidole, kikasagika. Ulikuwa unga wa chapati.

"Nilicheka peke yangu. Nikasema, kumbe Joash, wewe ulikuwa unakula ukitembea!"

Unga uliobaki aliuacha palepale.

Leo, magunia matatu yakiwa wazi, Peres anafika. Kasiva anaileta ndoo, anaiweka juu ya meza, anarudi nyuma hatua mbili. Peres anabandua kifuniko, anainamisha uso ndani ya sufu ya kijani, anainusa kutoka kola hadi mikono.

"Yuko kwa kola tu," Peres anasema hatimaye. "Kwingine ameenda."

"Nirudishe kifuniko?"

Peres anatikisa kichwa. Anapitisha mkono mmoja kwenye sweta, kisha wa pili. Mikono inamzidi hadi vidoleni.

"Nimechoka kumchunga. Na mimi nasikia baridi." Anaikunja mikono ile. "Agosti nitakuletea, Mama Mutinda. Ufue kama za wengine."

Anatoka, na rangi ya kijani inayeyuka ndani ya ukungu.

Kasiva anasimama mlangoni. Mwaka huu anataka kununua ndoo nne zaidi, kwa wale ambao hawako tayari kufua. Lakini anapoulizwa anatarajia nini hasa, anaizungumzia sweta moja tu.

"Natamani ailete ikiwa chafu kabisa," anasema. "Chai hapa, jasho pale, uji wa watoto kwa mkono. Hapo nitajua aliivaa."