Nilivyotunza Vinyama vya Watu wa Chanzuru

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu. Dokta Tabitha Lugome, Mtafiti Mkuu, alinikabidhi koleo na mikasi minne akasema, "Mama Yustina, nisafishie hivi." Mimi nilikuwa nimewahi kumsaidia mkunga kwetu Masanze, nikajiona najua. Nikavitia kwenye sufuria, nikachemsha mpaka maji yakakaribia kukauka, nikamrudishia vinang'aa.

"Umevichemsha tu?"

"Vimechemka, dokta. Hakuna mdudu anayepona hapo."

Akacheka, akanivutia kiti. "Kipo kitu kimoja, mama. Si mdudu, hakina uhai, kwa hiyo huwezi kukiua kwa kuchemsha."

Ndipo nilipolisikia neno prioni. Ujanani mwake dokta alifanya kazi ng'ambo, akichunguza kondoo wenye ugonjwa wa kujikuna. Kondoo anajisugua ukutani mpaka manyoya yanatoka, anaanza kupepesuka, mwisho anakufa. Ukiutazama ubongo wake kwa darubini, umejaa matundu kama sifongo. Prioni ni protini ya mwilini iliyokunjika vibaya, na ikikutana na mwenzake mzima inamfundisha kukunjika vilevile. Watu wetu hawakuwa na ugonjwa huo, lakini dokta hakuacha mazoea yake: chombo kilichogusa nyama kilowekwe kwenye kostiki, ile dawa kali inayounguza ngozi, saa nzima, halafu kiingie kwenye mtungi wa mvuke. Nimefanya hivyo miaka kumi na miwili, na vidole vyangu vina ushahidi.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Kilosa mjini, vyumba viwili vya kupanga. Tulikuwa watatu: dokta, fundi sanifu wa maabara Hamza Mbega, na mimi niliyeishia darasa la tatu. Nilimuuliza dokta, kama kazi yako ni kondoo wagonjwa, huku kwa wazee wetu unatafuta nini? Hakunijibu kama mtu anayemjibu mfagiaji. Alisema ndani ya msuli kuna seli, na ndani ya seli kuna vitu vidogo viitwavyo mitokondria, vinavyochoma chakula kutoa nguvu.

"Ni majiko, basi," nikasema.

"Ni majiko. Kwa wale kondoo niliona yanazimika mapema, hata kwenye misuli. Lakini kwa uzee pia yanazimika. Ili nijue yapi yamezimwa na ugonjwa, lazima nijue kwanza yanavyozimika yenyewe, mtu akizeeka tu kwa amani."

Kwa hiyo tulihitaji nyama za wazee. Nacheka nikiandika hivyo, maana hakuna maneno mabaya zaidi ya kwenda nayo kijijini. Watu wa Chanzuru, kijiji cha Kilosa ambacho sisi wa Masanze tunaoana nacho na kuchezwa pamoja, walitukimbia wiki nzima. Ikabidi niende mwenyewe, nyumba kwa nyumba, nikieleza: unachomwa ganzi pajani, sindano nene inatoa kinyama kama punje ya mchele, kinatiwa kwenye naitrojeni ya maji, ambayo ni baridi kuliko barafu yoyote, kisha kwenye friji, kikae bila kuoza. Wakaniuliza, halafu mtakitupa wapi? Nikasema hakitatupwa. Hilo nililisema kwa kinywa changu, kwa kila mmoja.

Wa kwanza kukubali alikuwa Mzee Athumani Kilongola, mtani wangu. Alilala kitandani, mkewe Bi Zaina kasimama mlangoni, mzee akapaza sauti: "Mama Yustina, mkikipika mniite, angalau nionje mchuzi!"

"Una nyama gani wewe? Sindano ikipita hapo itatokea upande wa pili."

"Basi nishike mkono, usibwabwaje."

Nikamshika. Baada yake nilimshika Bi Mwanahamisi Saidi, Mzee Yohana Chigalu, Mama Sofia Mnyambwa, na wengine thelathini na watano. Dokta aliwaandika kwa nambari, kwa ajili ya siri. Mimi sikuhitaji daftari. Niliijua nambari kwa mkono wa mwenyewe, nani ana kovu la jembe, nani anatetemeka. Majina sikumtajia mtu.

Miaka mitatu baadaye tulihamia Mikumi, jengo moja nyuma ya nyumba za wageni, malori ya Iringa yakitikisa vioo mchana kutwa. Huko Hamza alikata vile vinyama vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, akavitia dawa ya rangi. Uzi wa msuli wenye majiko mazima unatoka kahawia. Uliozimika unatoka bluu. Kadiri mtu anavyozeeka bluu inaongezeka. Ndivyo ilivyopaswa kuwa.

Haikuwa hivyo. Mtu wa miaka sitini na miwili alijaa bluu kama anga. Wa themanini alikuwa kahawia tupu. Dokta akarudia, Hamza akarudia. Nilimkuta dokta asubuhi moja ameweka kichwa juu ya meza, nikampelekea chai, hakuinywa.

Ijumaa akaja Mratibu wa Mradi kutoka Dar es Salaam. Aliniamkia vizuri, "Shikamoo mama," nikaitikia marahaba, nikarudi kwenye beseni langu. Akatazama picha, akasema, "Hizi za Kilosa hazieleweki. Tuziondoe. Friji lina gharama, na mjini tunazo nyingine."

"Kuziondoa maana yake nini?" dokta akauliza.

"Kuteketeza."

Glavu zangu zilikuwa zinadondosha kostiki sakafuni. Niliwaona wote, Mzee Athumani na wenzake, na kinywa changu kikiwaambia hakitatupwa.

"Dokta," nikasema, "miaka yao mliipata wapi?"

"Kwenye kadi zao za kura, mama."

Jamani. Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba zile kadi ni makisio. Karani alikuja, akaangalia mvi, akaandika. Mwenye meno akaandikwa kijana. Mzee wa kwetu haulizwi una miaka mingapi. Anaulizwa alichezwa pamoja na nani, maana mabinti waliowekwa ndani pamoja kufundwa na vijana waliotiwa jandoni pamoja ni rika moja mpaka kaburini. Nilijua, nikanyamaza, kwa kuwa niliona makaratasi si kazi ya mwosha vyombo. Kosa hilo ni langu na sijawahi kumsingizia mtu.

Nikamwambia, "Huyo wa sitini na miwili namjua kwa nambari yake, na hiyo miaka ni uongo. Alitiwa jandoni pamoja na kaka yangu Danieli, kifungua mimba wetu, na kadi ya ubatizo ya Danieli ninayo, padri aliandika siku aliyozaliwa. Ana sabini na tisa."

Mratibu akatabasamu kwa upole. "Mama yangu, sayansi haiendi kwa jando."

"Na inaenda kwa karani aliyekisia mvi?" dokta akamjibu. Alikuwa ameshasimama.

Akageuza picha zote kifudifudi. Akanipa nambari thelathini na tisa kwenye vipande vya boksi. "Wapange mama, mdogo mpaka mkubwa. Usituambie majina."

Nilipanga sakafuni, nimepiga magoti. Huyu alimbeba huyu mgongoni. Huyu alichezwa mwaka mmoja na dada yangu Eliza. Huyu mama yake alikuwa na mimba yake siku ya harusi ya shangazi. Nilimaliza jua likiwa limepinda. Mratibu mwenyewe ndiye aliyefunua picha, moja moja, kwa mpangilio wangu, na bluu ikawa inaongezeka taratibu kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Wawili tu walikataa kufuata mstari. Mmoja alikuwa mwanamke mzee sana mwenye msuli wa binti.

"Tumekosea hapa," mratibu akasema, lakini kwa sauti nyingine.

"Hapo ndipo pa kuuliza swali," dokta akasema.

Kadi ya Danieli ilipigwa picha, na za wengine tukazitafuta makanisani na kwa ndugu, mpaka mpango wangu ukapata ushahidi wa maandishi. Friji halikuzimwa.

Nilistaafu mkono wangu ulipoanza kuachia koleo. Sikuhuzunika sana, najua kinachoendelea humo ndani, majiko yangu nayo yanapumzika moja moja, na hakuna aliyeyazima kwa ubaya. Ninyi mnaoingia kazi hizi na vyeti vyenu, nawaomba mumuulize na anayeosha vyombo. Naye anayeosha, aseme.

Wiki ya kwanza ya kustaafu nilizunguka Chanzuru kuwapa watu habari. Mzee Athumani alikuwa amefariki kabla ya masika, nikamkuta Bi Zaina anapepeta mchele. Nikakaa naye mkekani.

"Kile kinyama cha mzee hawakukitupa," nikamwambia. "Kipo Mikumi."

Ungo ukasimama. "Kipo mpaka leo?"

"Kipo, kwenye ile baridi."

Machozi yakamdondokea kwenye mchele, kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Masikini mume wangu," akasema. "Na alivyokuwa haiwezi baridi!"