Mkono Uliosalimia Mlango

Wiki mbili baada ya kutolewa plasta mguu wa kushoto, Nicodème Mihigo alikuwa bado akienda kila asubuhi kukaa ndani ya gari lake bila kuliwasha. Lilisimama mahali pake pa siku zote, kwenye mteremko kando ya nyumba yao katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nchini Uganda, pua ikitazama chini. Aliliegesha hivyo kwa sababu betri ilikuwa nzee. Ikigoma, unaliachia gari lishuke lenyewe, unaingiza gia ya pili, unaachia klachi, na injini inawaka.

"Mufanye ile na otomatiki," aliwaambia majirani, "muone kama itaamuka!"

Lilikuwa Toyota Celica la mwaka 1983, jekundu lililopauka, lenye milango miwili na gia tano za mkono. Alilikuta Bwizibwera, mji mdogo karibu na Mbarara, miaka minane iliyopita, katika banda nyuma ya kituo cha kukusanyia maziwa, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Mwenyewe, mfugaji mzee, alikubali kumpa kwa sharti kwamba amtengenezee pikapu yake ya maziwa kwa miaka miwili. Nicodème aliitengeneza kwa miaka mitatu, kwa furaha tu.

Mapenzi hayo yalianzia kwao Kongo, Uvira, Kivu Kusini, alipokuwa kijana akimwoshea gari mfanyabiashara mmoja wa kahawa. Lilikuwa Celica vilevile. Siku moja tajiri huyo alimkalisha kwenye usukani na kumpeleka kwenye kona za Ngomo, katika barabara ya kwenda Bukavu. Hapo Nicodème alijifunza kwamba gari la gia za mkono husikika kwa nyayo kabla ya kusikika kwa masikio. Ukibonyeza klachi na kuiachia polepole, kuna mahali pembamba ambapo injini na magurudumu hushikana, na dereva ndiye anayepatafuta. Katika gari la otomatiki, alisema, wewe ni abiria aliyepewa usukani ashike.

Kulikuwa na tatizo moja tu. Kongo usukani uko kushoto, na gia hubadilishwa kwa mkono wa kulia. Uganda ni kinyume. Katika mwaka wake wa kwanza huku, kila aliposhtuka barabarani, mkono wake wa kulia uliruka kutafuta gia na kugonga mlango. Rugamba, Mnyankore mwenye gereji ya Nyamitanga, mjini Mbarara, alikoajiriwa, hakumwacha apumue.

"Ssebo, bwana, wewe nasalimia mlango tena? Yeye najibu nini?"

Baadaye tabia hiyo ilipotea, na utani ukasahaulika.

Kisha ikaja siku ya ajali. Walikuwa wakiteremsha giaboksi ya gari la otomatiki ilipoteleza kwenye jeki na kumwangukia mguu. Rugamba alipokwenda kumwona hospitalini, alisimama mlangoni akitikisa kichwa.

"Wewe natukana otomatiki miaka mingi. Sasa yeye nakulipa."

Nicodème alicheka, lakini kicheko hakikudumu. Plasta ilipotolewa, daktari alimwambia kwamba mfupa umeunga vizuri na auache mkongojo. Hakuuacha. Kila alipokanyaga klachi, mguu ulifika katikati, ukatetemeka, naye akauondoa upesi kama aliyekanyaga kaa la moto.

Habari zilimfikia Natanaeli, muuza simu wa Mbarara mwenye nyumba juu ya kilima cha Kamukuzi. Alilipenda umbo la gari lile na akataka kulinunua. Gia hakuzitaka. Alikusudia kung'oa giaboksi na kuweka ya otomatiki.

"Anataka kuitoa moyo," Nicodème alimwambia mkewe.

Georgette aliweka chini sufuria ya maharagwe, akamwita kwa jina la mtoto wao. "Papa Divine, sikiya. Miye sitaki kukuona kila asubuhi unakaa mu gari kama kwenye kilio. Siku ya posho twende Kamukuzi. Kama utapanda ule mulima weye mwenyewe mupaka kwa Natanaeli, gari ni yako, sitasema tena. Kama muguu inakataa, umuachie, na usilie."

"Na kama nitalia kidogo?"

"Kidogo, ndiyo. Fasi ya watu, hapana."

Jumamosi, ambayo kwa Wakongo ndiyo siku ya posho, Rugamba alikuja kuwaendesha katika Celica. Walipofika chini ya kilima cha Kamukuzi alisimama kwenye kibanda cha maziwa, akashuka na kumpisha Nicodème, yeye akabaki hapo kuwangoja. Mkongojo waliuegemeza kwenye benchi la kibanda, kwa kuwa ndani ya gari ulikuwa ukimgonga Georgette magotini.

Mwanzo ulikuwa mzuri, kwa kuwa hapo barabara ilikuwa tambarare. Aliondoka kwa gia ya kwanza, kwa shida, akaingia ya pili, na injini ikaanza kuimba wimbo wake mnene. Lakini katikati ya mlima, kwenye tuta, lori la makopo ya maziwa lilisimama ghafla mbele yao. Nicodème alifunga breki, injini ikazimika, akavuta breki ya mkono. Nyuma yao bodaboda mmoja alianza kupiga honi.

Lori liliondoka. Nicodème aliwasha injini, akakanyaga klachi. Mguu ukafika katikati na kutetemeka. Akaiachia klachi mapema. Gari likaruka kama mbuzi na kuzimika. Akajaribu tena, likazimika tena.

"Mzee, shuka tusukume!" alipiga kelele yule wa bodaboda.

Jasho lilimtoka Nicodème. Aliwasha mara ya tatu, na bila kujua anachofanya akanyoosha mkono wa kulia kutafuta gia.

Vidole vikagonga mlango, ngo!

Georgette akapasuka kwa kicheko hadi kitambaa cha kichwa kikamtoka. "Papa Divine! Kisha miaka yote ile, unasalimia mulango!"

"Nyamaza, mama, nitaangusha gari!"

"Hapana, angalia muguu yako. Angalia!"

Nicodème alitazama chini. Wakati mkono wake unapotea njia, mguu wa kushoto ulikuwa umekanyaga klachi mpaka mwisho. Ulikuwa bado pale, umetulia, wala haukuuma.

"Haiko muguu yenye inakataa," Georgette alisema, sasa kwa upole. "Ni weye unaikataza."

Nicodème aliingiza gia ya kwanza kwa mkono wa kushoto, akaanza kuinua unyayo polepole mpaka akapasikia pale pembamba alipopajua tangu Ngomo. Pua ya gari ikainuka kidogo. Akaachia breki ya mkono. Gari halikurudi nyuma hata unene wa kidole. Lilivuka tuta na kupanda, gia ya kwanza, gia ya pili, na Nicodème akavuta pumzi ndefu ambayo ni kama alikuwa ameishikilia tangu hospitalini.

Natanaeli alikuwa akingoja kwenye geti lake. Aliwaona, akajua, akacheka kwa uchungu.

"Mzee, hiyo gari hukuniletea."

"Nimekuletea uione tu. Kuja uisikie."

Alishuka, akazunguka mbele na kufungua boneti, akamwonyesha injini jinsi inavyotulia, kisha akaenda nyuma kumwonyesha bomba la moshi. Georgette alimtazama akizunguka gari mara mbili.

"Papa Divine, mukongojo iko wapi?"

Nicodème alisimama, akatazama mikono yake mitupu, kisha miguu yake.

"Niliiacha kwa maziwa, na Rugamba."

"Ile ni ya hopitali. Tunapashwa kuirudisha."

"Tutairudisha leo," alisema Nicodème, akirudi kwenye usukani. "Ingia. Tunashuka na gia ya pili."