Masikio ya Magesa yamerudi Kabasa

Jamani, leo nimecheka ukweni kwa watu na sijutii.

Binamu yangu Magesa alienda Dar mwaka jana kufanyiwa upasuaji, masikio yake yaliyochomoza yakalazwa. Akarudi Bunda anajiona hendsamu.

Leo tumempeleka Kabasa kumwona mtoto aliyemzaa na mchumba wake. Magesa akamfunua mtoto, akanuna.

"Huyu si wangu. Angalieni hayo masikio."

Mama wa mchumba akaanza kulia.

Bibi yetu, ambaye alikuwaga anamfunga Magesa kitambaa kichwani utotoni ili masikio yalale, akamkazia macho.

"Daktari alikata ya kwako. Mbegu hakuigusa."

Akampa mtoto jina la marehemu babu, aliyekuwa na masikio kama hayo hayo.

Magesa akabaki anapapasa yale ya Dar.

Nyie mngejizuia kucheka?