Bi Shungi na Kinyozi Aliyezidisha Usafi

Mdogo wangu ni kinyozi, na usafi wake unachosha. Hufagia nywele mteja angali kitini, maskini ya Mungu anainua miguu kama anayevuka dimbwi.

Nyumbani ana tangi la kioo la maji ya chumvi. Limekaa sebuleni, palepale mke wake anapotaka kuweka kabati la vyombo. Mna samaki wawili na mnyoo wa baharini anayeishi ndani ya kijibomba alichojitengenezea mwenyewe. Huyo hana safari. Kichwani ana shungi la manyoya lililochanua kama feni, nalo ndilo linalonasa chembe za chakula zinazoelea majini. Watoto wakamwita Bi Shungi.

Mdogo wangu akampenda. Kutwa nzima anaongea na vichwa vya watu. Akirudi anataka kichwa kisichojibu.

Basi shungi likaanza kunywea. Yeye akaona dawa ni usafi tu. Akaweka chujio kubwa zaidi, sifongo lake akaliosha kila jioni, maji yakang'aa ungedhani tangi ni tupu. Chakula hakumnyima: alikoroga unga laini, akaunyunyiza majini, huku pampu ya chujio inanguruma kama mashine ya kusaga. Asubuhi moja shungi likakutwa limekatika, limelala mchangani.

"Mke mwenza wangu kanyolewa," wifi akasema. "Na humu ndani kinyozi ni wewe."

Mdogo wangu hakucheka. Walikuwa wamepatana: Bi Shungi akifa, tangi linatoka, kabati linaingia. Wifi alishapima ukuta kwa kamba.

"Dada, nimtupe?" mdogo wangu akaniuliza.

"Mimi nimefuga kuku tu. Lakini mbona bado anajivuta ndani ukigonga kioo? Maiti hashtuki. Mwache."

Kweli, baada ya majuma kadhaa kikachomoza kishungi chembamba kama ndevu za mvulana. Lakini hakikukua, na mdogo wangu akakonda pamoja nacho.

Jumamosi moja nilikuwa kwao. Alinyunyiza unga wake, akaingia kuoga. Wifi akataka kupiga pasi sare za watoto. Soketi ni moja, akachomoa pampu. Nyumba ikanyamaza. Ule unga nao ukatulia majini kama ukungu, na mbele ya macho yangu kishungi kikakunjuka chote, chembe zikaanza kuteleza kuelekea mdomoni.

Mdogo wangu akatoka mbio, povu masikioni. "Nani kazima?"

"Mimi," wifi akasema. "Sare hazijipigi pasi."

Akarukia soketi. Nikamshika mkono. "Tulia, angalia! Chujio lako lina tabia zako. Linaondoa sahani mgeni hajatia tonge mdomoni."

Akasimama pale, maji yanamchuruzika hadi sakafuni. "Kumbe namlisha huku nampokonya!" Kisha akashusha pumzi ndefu, akakaa chini kwenye maji yake mwenyewe.

Chujio hakulitupa, maana uchafu ukizidi nao huua. Ila siku hizi akilisha huzima pampu, anasubiri Bi Shungi ashibe, ndipo anawasha. Shungi limerudi, pana kuliko la kwanza. Kabati limekwenda chumbani, na wifi, aliyepima ukuta kwa kamba, ndiye anayeita saa ya chakula ikifika:

"Mke mwenza, jiandae! Pasi imeshapata moto."