Siku Ishirini na Tatu za "Papa Analala"

Maman aliniagiza viatu vya papa. Namba 43, ngozi laini, vya muntu wa sukari.

Papa alikuwa ameshazikwa siku sita.

Maman alijua. Mimi pia nilijua.

Na kesho yake nikaenda dukani, nikavinunua.

Msinitukane kwanza. Nisomeni mpaka mwisho, kisha mtanihukumu.

Naitwa Chloé. Kwetu ni Kamembe, ila wazazi wangu ni watu wa Bukavu, ng'ambo ya ziwa, walivuka zamani wakabaki upande huu. Maman Honorine anavuka mpaka kila asubuhi na nyanya zake, anauza ng'ambo, jioni anarudi. Papa Muhigirwa alikuwa anatengeneza pampu za maji na redio, mpaka sukari ilipomshika miguu akaanza kushinda nyumbani.

Mimi nilikuwa Ufaransa, mji mmoja unaitwa Besançon. Miaka miwili, master ya mambo ya maji.

Soutenance yangu, ile ya kutetea utafiti mbele ya walimu, ilikuwa Alhamisi, tarehe 26 mwezi wa sita. Nilipita vizuri. Nikapiga simu nyumbani, akapokea mdogo wangu Elikia, anayeniita yaya, dada mkubwa.

"Félicitations, hongera yaya!"

"Papa iko wapi nimuambie?"

"Papa analala."

Sawa. Mgonjwa analala, ajabu iko wapi?

Jumamosi nilikuwa kwenye chumba cha kufulia nguo, nangojea mashine imalize. Nikafungua WhatsApp. Binamu yetu wa Bukavu, Christophe-Aimé, alikuwa ameweka status.

Picha ya papa. Ile ya shati jeupe. Imewekwa kwenye fremu, maua pembeni, na chini ameandika: "Pumzika, tonton Muhigirwa. Leo tumekusindikiza."

Nikaisoma mara mbili. Nikarudi kuisoma mara ya tatu, haiko. Ameifuta.

Mashine ikalia. Nikatoa nguo, nikazikunja. Soksi nikazipanga mbili mbili. Nakumbuka hivyo kwa sababu mimi soksi sipangagi.

Nikapiga simu nyumbani. Elikia tena.

"Papa iko?"

"Iko... analala, yaya."

Nyuma yake wanawake wengi walikuwa wanaimba kwa pamoja, pole pole, vile wanaimba wakitoka makaburini.

"Kelele ya nini hiyo?"

"Ni kwa jirani. Banaomba."

"Sawa. Akiamuka mumusalimie."

Nikakata.

Mtauliza, kwa nini hukusema unajua? Hata mimi nilijiuliza. Mdomo ulikataa. Kama vile daktari wa meno amekuchoma ile sindano, unagusa shavu lako, unaona ni la muntu mwingine.

Jioni ile nikafungua ukurasa wa tiketi. Safari yangu ilikuwa tarehe 21 mwezi wa saba. Kubadilisha iliwezekana, kulikuwa na kiti cha Jumatatu. Nikakiangalia kile kiti muda mrefu.

Nikafunga kompyuta.

Nilijiambia: attestation yangu ya masomo inatoka tarehe 17. Bila ile karatasi, nyumbani nitaomba kazi na nini? Mtu hawezi kukaa ugenini miaka miwili akarudi mikono mitupu.

Basi nikaanza kujiandaa kurudi.

Kama hujawahi kufunga maisha ya ugenini, hujui ile kazi. Barua ya kuacha chumba nilishaituma mwezi mmoja mbele. Umeme unaufunga kwa jina lako. Internet unaifunga, na kile kisanduku chao unakirudisha posta na risiti unaiweka. Benki unawaambia. Bima unawaambia. Daktari unamwomba kadi yako ya chanjo. Cheti unakitafutia muhuri. Kila karatasi kopi tatu, na picha zake unajitumia kwenye barua pepe, sanduku likipotea usilie.

Yote niliyaandika mwezi wa tano kwenye karatasi moja, nikaibandika kwenye friji. Kila siku nikikata mistari mitatu, minne.

Kila jioni, saa kumi na mbili, nampigia maman.

"Habari ya leo, maman?"

"Ni mizuri. Nyanya ilienda. Na wewe, umefika wapi na vitu?"

"Nimeuza kitanda. Nalala kwa godoro chini."

"Na baridi?"

"Hapana, ni mwezi wa saba. Papa?"

"Papa analala."

"Sawa."

Hivyo hivyo. Kila jioni. Sauti yake kavu, yangu kavu. Ungetusikia ungesema ni watu wawili wanapanga bei ya mihogo.

Siku ya viatu nilikuwa nasoma ile orodha yangu kwenye simu, mstari kwa mstari, nimuonyeshe nilipofika. Nikasoma bila kufikiri:

"Kesho minaenda kununua viatu ya papa."

Nikasikia nilichosema. Niliuandika ule mstari mwezi wa tano.

Nikasikia pikipiki zikipita kwenye barabara yetu, kule Kamembe.

Kisha maman akasema, "Ndiyo. Ununue. Namba 43. Ngozi ilaini, ya muntu wa sukari. Isimubane vidole."

"Ya kahawia ao nyeusi?"

"Nyeusi. Atavaa ku kanisa."

Dukani muuzaji aliniuliza kama mzee anapenda kamba au bila kamba. Nikamjibu, bila kamba, anachoka kuinama.

Sikulia. Nilitoka na mfuko, nikapita kununua mkanda wa kufungia maboksi.

Mtu mmoja tu nilimwambia. Hugues, kijana wa Bukavu tuliyesoma naye. Alikuja na mizani ya mkono tupime masanduku, mawili ya kilo ishirini na tatu. Moja likafika ishirini na tano.

Akalifungua.

"Chloé, hii viatu ni ya nani? Ni kilo moja na zaidi. Tuitoe, vitabu vibaki."

"Ni ya papa."

"Ah, bon. Basi tutoe vitabu." Akarudisha viatu vizuri, akavifunika na kitambaa. "Mzee anaendelea namna gani?"

"Alikufa."

Hugues akainua kichwa.

"Lini?"

"Wiki mbili sasa."

"Wiki mbili? Na unamununulia viatu?"

"Maman aliomba."

"Maman yako hajui?"

"Anajua. Ila hajui kama mimi minajua."

Akakaa chini, pale penye kitanda kilikuwa. Akanitazama kama muntu anayetazama nyumba inaungua na mwenyewe amekaa mlangoni anachambua maharage.

"Chloé. Juu ya nini hauendi?"

"Attestation inatoka tarehe 17."

Akachukua mizani, tukapima sanduku la pili.

Tarehe 17 nikaenda sekretarieti. Mama mmoja wa dirishani akanipa bahasha, akashangaa kidogo. Akasema wenzangu wengi walishaondoka, karatasi zao anazituma kwa posta. Wanajaza fomu tu.

Nikamwambia asante.

Siku ya mwisho mwenye nyumba alikuja kukagua chumba. Akapitisha kidole juu ya dirisha. Safi. Akasema kwa miaka kumi hajaona mwanafunzi aliyeacha chumba safi namna hii.

Nilikuwa nimesugua sakafu mara tatu.

Uwanja wa ndege Kigali alinipokea kaka yangu Ushindi. Amekonda. Mkononi amevaa saa ya papa. Aliponiona naangalia, akashusha mkono wa shati.

Tukapanda bus ya Rusizi, wilaya yetu. Njia nzima ya msitu wa Nyungwe, miti na kona, miti na kona, Ushindi amefumba macho. Hakuwa amelala. Muntu aliyelala hamezi mate kila dakika.

Maskini, najua alikatazwa kusema.

Tulifika alasiri. Nyumbani viti vimepangwa duara. Nilipoona viti nikajua wamejiandaa. Pasta Protais yuko. Shangazi Bernadette katoka Bukavu. Majirani. Elikia amesimama mlangoni na jagi la maji, tayari kunimwagia nikizimia.

Maman alikuwa katikati, kitambaa cheusi kichwani. Amekuwa mdogo. Sijui niseme vipi, amekuwa mdogo tu.

Pasta akasimama.

"Binti yetu Chloé, maisha ya muntu kwa hii dunia ni kama majani..."

"Minajua, pasta."

"Unajua nini, binti?"

"Minajua papa alikufa."

Elikia akateremsha jagi.

"Nani alikuambia?" shangazi akauliza.

"Niliona status. Ile siku ya mazishi."

Shangazi Bernadette akahesabu kwa vidole, nikamwona. Kisha akapiga makofi mara moja, pa!

"Ile siku ya mazishi! Ukabakia kule? Wiki tatu na zaidi, papa yako iko chini ya udongo, wewe unafunga masanduku? Na hata chozi hauna! Ile ni roho ya muntu ao ya jiwe?"

Nilisubiri nilie. Kweli nilisubiri, na wote wakasubiri pamoja na mimi. Hakikuja kitu. Nilikuwa naona tu nyufa za ukuta, na kwamba mtu amepaka rangi mpya upande mmoja.

"Mumuache," maman akasema. "Amechoka na njia."

Jioni ile nikafungua masanduku, kama kawaida ya muntu akitoka mbali. Wote wakapata zawadi zao. Viatu maman alivichukua bila neno, akampelekea Mzee Rutayisire wa nyumba ya tatu, naye ni muntu wa sukari. Vilimtosha.

Nikafikiri hapo imeisha.

Kumbe bado.

Asubuhi nilimkuta maman nyuma ya nyumba anachagua nyanya, ngumu upande huu, laini upande ule. Ziwa lilikuwa wazi, Bukavu unaiona mpaka mabati. Nikakaa kwenye ndoo, nikaanza kumsaidia.

"Chloé," akasema, hajainua macho. "Mi nilijua kama unajua."

Mkono ukasimama.

"Tangu lini, maman?"

"Tangu siku ya pili."

"Nani alikuambia?"

"Wewe. Miaka mbili yote ulikuwa kule, kitu ya kwanza kwa simu ni nini? Hata mbele ya kunisalimia?"

Nilikuwa nimeshaelewa.

"'Papa alikunywa dawa?' Kila jioni. Mpaka yeye mwenyewe alikuwa anacheka, anasema, polisi yangu inapiga. Halafu ile Jumapili ukapiga, unaniuliza habari ya nyanya. Dawa haukuuliza. Na kesho yake haukuuliza. Nikasema, ah, mutoto anajua."

Siku ishirini na tatu nilijiona nacheza vizuri. Sauti sawa, maneno sawa. Na kila jioni nilikuwa najitangaza.

"Maman, na ukaendelea tu kuniambia analala?"

"Ndiyo."

"Juu ya nini?"

Akageuza nyanya mkononi, akaitafuta ilipoharibika.

"Hapa nyumba yote ilikuwa marehemu, marehemu. Pasta, marehemu. Wa kanisa, marehemu. Hata Elikia alianza kusema marehemu. Ni kwa simu yako tu, papa yako alikuwa analala. Dakika kumi. Ulisema viatu, mi nikaona miguu yake kabisa." Akaiweka ile nyanya upande wa laini, akachukua nyingine. "Nilikuwa minangojea ile saa kumi na mbili kama mutoto anangojea sukari. Ningekuambia, ingekwisha."

Mimi nilidhani namlinda yeye. Hapana, huo nao ni uongo. Nikaona nimwambie yote.

"Maman, ile karatasi nilisema nangojea... wangeitumia kwa posta. Nilijua. Iliandikwa kwa mlango wa ofisi, tangu mwezi wa tano."

"Mm."

"Kiti kwa ndege kilikuwa. Cha Jumatatu. Nilikiona. Niliogopa kufika hapa, nikute ni kweli."

Mashua ya injini ikapita chini kule.

"Na mimi," akasema, "ningekuambia Alhamisi ile ile alikufa, ungefika mazishi."

Halafu akalia, maman yangu, na nyanya mkononi. Nikamshika mabega. Mimi sikulia. Mpaka leo ninapoandika hii, miezi mitano, bado. Pengine itakuja siku nikiwa sokoni, sijui.

Basi, ninyi mlio nje mnaofunga masanduku. Mtaambiwa msisahau muhuri wa cheti, kadi ya chanjo, kilo ishirini na tatu. Ni kweli, msisahau.

Lakini ukisikia nyumbani sauti imekauka, usikauke nayo. Sema: minajua, minakuja. Sema siku hiyo hiyo. Ukingoja kesho, uongo unakuwa na kitanda chake ndani ya nyumba, na hakuna anayeweza kuuamsha.

Na ninyi mlio nyumbani, muambieni mutoto. Mnasema mnamuhurumia, amalize masomo. Mimi nilihurumiwa vizuri sana. Nina karatasi yangu, muhuri umekaa sawa, kopi tatu.

Kaburi la papa liko njia ya Giheke. Nilionyeshwa na kidole, kama mgeni.